Shule kwa Bahati Nasibu: San Francisco Ilifikaje Hapo?

Wiki hii mada ya historia inatoka mbali kidogo, Marekani, lakini msiiruke. Wengi wetu tuna dada, mjomba au jirani wa zamani aliyehamishiwa huko kutoka Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Ukimpigia simu mwezi wa tatu, kama anaishi kwenye miji fulani fulani, anaweza kukwambia hana raha: anasubiri majibu ya shule ya mtoto. Wewe unashangaa. Majibu gani tena? Shule za serikali kule si ni bure, mtoto anaenda tu?

Ni bure, na kiti kipo. Swali ni kiti cha wapi. Katika miji kama San Francisco, Washington, Boston na New York, mzazi anajaza fomu, anapanga shule kuanzia ile anayoitaka zaidi, halafu kompyuta inampa kila mtoto namba ya bahati nasibu. Mahali ambapo walioomba ni wengi kuliko viti, namba ndiyo inayokata maneno. (Msichanganye na ile lotari ya viza. Hii ni ya watu ambao tayari wako huko.) Majibu yakitoka, nyumba ya kwanza wanashangilia, ya pili wanahesabu wako wa ngapi kwenye orodha ya kusubiri, ya tatu wameshaanza kuulizia bei ya shule za kulipia.

Kwa sisi tuliosoma huku, jambo hili linaonekana kama mchezo. Tumezoea mtihani: unafaulu, unaitwa. Au tumezoea shule moja tu iliyo karibu, watoto zaidi ya mia darasani, hakuna cha kuchagua. Sasa ni nani aliyekaa akaona afadhali bahati kuliko mtihani, na afadhali bahati kuliko ukaribu? Jibu lake ni la zaidi ya miaka mia moja na linaanza na mtoto wa wahamiaji. Ndiyo maana nimechagua San Francisco.

Mwaka 1884 Joseph na Mary Tape, Wachina wawili waliofika California wakiwa bado wadogo, walimpeleka binti yao Mamie kwenye shule ya msingi ya Spring Valley. Mamie alikuwa na miaka minane. Alizaliwa Marekani na kulelewa huko. Mwalimu mkuu, Jennie Hurley, akamkataa kwa sababu ni Mchina, na bodi ya elimu ikasimama na mwalimu wake. Wazazi hawakurudi nyumbani kulia, walikwenda mahakamani. Mwezi wa tatu 1885 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba sheria iliyokuwepo haikuruhusu kumfungia mtoto yule mlango.

Unaweza kudhani hadithi imeisha hapo. Kumbe wakubwa wa elimu walikuwa wamesoma hukumu kwa makini kuliko wazazi. Mahakama ilisema sheria haikuruhusu. Basi, sheria ikabadilishwa haraka haraka. Bunge la jimbo likaruhusu shule za kando kwa watoto wa asili ya Kichina, na mji ukafungua moja mwezi wa nne mwaka huohuo. Mary Tape aliandika barua kali kwa bodi, ikachapishwa gazetini, akiapa kwamba mwanawe hatakanyaga shule hiyo. Lakini mtoto lazima asome. Mamie na mdogo wake Frank wakawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa wa shule ileile ya kando. Miaka kadhaa baadaye familia ilihamia Berkeley, ng'ambo ya ghuba, ambako watoto wao wangeweza kusoma na wengine.

Nimelikalia hili kwa sababu mambo yote yaliyofuata yamo ndani yake. Haki inapatikana kwenye karatasi, halafu mlango unahamishwa. Na mzazi mwenye uwezo, akishachoka kupigana, anahama. Mahitaji ya shule ambayo leo wataalamu wanayachorea michoro yalianza hivyo: familia inafunga mizigo kufuata darasa.

Mwaka 1906, miezi michache baada ya tetemeko kubwa la ardhi, bodi ilirudia mambo yaleyale kwa watoto wa Kijapani na Kikorea. Safari hii Japani ilikasirika kiasi kwamba Rais Theodore Roosevelt aliingilia kati mwenyewe. Bodi ikalegeza, na kwa upande wake Japani ikakubali kuzuia vibarua wake wasiende Marekani. Yaani viti vya darasani vikawa sehemu ya mapatano kati ya serikali mbili. Watoto wa Kichina hawakuwa na serikali yenye nguvu ya kuwasemea, wao wakabaki walipokuwa.

Tuvuke miaka. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Brown, ilisema kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Lakini hata pasipo sheria ya kutenga, mtaa wenyewe unatenga. Ukisema kila mtoto asome karibu na nyumbani, na watu Weusi hawauziwi nyumba mitaa fulani, umeshamaliza kazi bila kuandika neno "rangi" popote. Ndivyo ilivyokuwa San Francisco. Mwaka 1971, kwa amri ya mahakama, mji ulianza kuwasafirisha watoto kwa mabasi kutoka mtaa hadi mtaa ili madarasa yachanganyike.

Hapa historia inakataa kuwa rahisi. Kati ya waliogoma kwa nguvu zote walikuwemo wazazi wa Kichina, wajukuu wa waliofungiwa milango. Wengi waliwazuia watoto wasipande mabasi, wakafungua shule zao wenyewe. Wapo wanaowalaumu. Mimi nawaelewa kiasi: shule ya mtaani kwao ilikuwa na walimu wanaojua lugha ya mtoto, na bibi angeweza kwenda kumchukua kwa miguu. Mtu ambaye mwanawe ndiye pekee darasani asiyeelewa lugha ya mwalimu anajua uzito wa hilo.

Na lugha ndiyo iliyoleta ushindi ambao unatugusa moja kwa moja. Wanafunzi wa Kichina wapatao 1,800 wa San Francisco walikuwa wamekaa madarasani bila msaada wowote wa Kiingereza. Kesi yao, Lau dhidi ya Nichols, ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1974 ikaamuliwa kwamba kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule si usawa kama haelewi kinachosemwa. Mtoto wa Kikongo anayeingia shule ya Marekani leo na Kiswahili chake, akapewa masomo maalumu ya Kiingereza, anakula matunda ya kesi hiyo. Wafanyakazi wa mashirika mnaoandaa familia kabla ya safari, hili litajeni. Wazazi wengi wanafika wakidhani msaada wa lugha ni hisani ya mwalimu mzuri, kumbe ni haki.

Mwaka 1983, baada ya kesi ya chama cha NAACP, yalifikiwa makubaliano mapya mahakamani. Hakuna kabila au rangi moja iliyoruhusiwa kuzidi asilimia 45 katika shule ya kawaida, na asilimia 40 katika shule maalumu. Kwenye karatasi, safi. Lakini kwenye shule ya sekondari ya Lowell, inayosifika kuliko zote mjini, waombaji wa Kichina walikuwa wengi mno, na ili wasivuke kiwango wakatakiwa kuwa na alama za juu kuliko watoto wengine. Mwaka 1994 familia za Kichina zikafungua kesi, na mwaka 1999 mji ukakubali kuacha kumpangia mtoto shule kwa rangi yake. Mwaka 2007 Mahakama Kuu, katika kesi ya Seattle, ikabana zaidi nchi nzima.

Basi hesabuni wenyewe njia zilizofungwa. Ukaribu unatenga. Rangi hairuhusiwi. Mtihani kwa mtoto wa chekechea ni kichekesho. Kilichobaki ni kumwachia mzazi achague, na pale wanapogombania, bahati iamue. San Francisco iliingia mfumo huo kikamilifu katika mwaka wa shule wa 2011. Mzazi anaorodhesha shule nyingi kadiri anavyotaka, popote mjini. Kabla ya namba kufanya kazi, wengine wanatangulizwa: mwenye kaka au dada shuleni, anayeishi jirani na shule, na anayetoka sehemu za mji ambazo matokeo ya mitihani ni ya chini zaidi. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyobeba matumaini. Badala ya kutaja rangi, utaje mtaa.

Kuna kipande cha hesabu hapa ambacho ni cha kuvutia kuliko kinavyosikika. Ngoja nikieleze kwa mfano wa Boston.

Boston ya zamani, kompyuta iliangalia kwanza wote walioiweka shule fulani namba moja. Viti vikijaa, basi. Halafu ndiyo ikaenda kwa walioiweka namba mbili. Sasa tuseme umeweka namba moja shule inayotakwa na kila mtu, ukakosa. Unashuka kwenye chaguo lako la pili, unakuta limeshajazwa na walioliweka la kwanza. Umekosa huku na huku kwa kosa moja tu: kusema ukweli. Wazazi wa upande wa magharibi wa mji walikuwa na kikundi chao, wanakutana, wanapeana mbinu: hii usiiweke ya kwanza, utapotea; weka ile ambayo ni nzuri lakini watu hawajaigundua. Mzazi asiye na kikundi, anayefanya kazi usiku kwenye usafi, alijaza alivyopenda kweli. Akaanguka.

Mwaka 2005 Boston ikaachana na mfumo huo na kuchukua kanuni iliyoandikwa mwaka 1962 na wanahisabati wawili, David Gale na Lloyd Shapley, ambao mfano wao ulikuwa wa wachumba na ndoa. Katika kanuni hiyo kiti kinashikiliwa kwa muda tu. Mtu akikataliwa kwenye chaguo la kwanza anashindania la pili sawasawa na walioliweka la kwanza, na mwenye kipaumbele au namba nzuri zaidi anamtoa aliyekuwa amekalia. Mzazi hana haja tena ya kuficha anachokitaka. New York ilitangulia kutumia kanuni ya namna hiyo kwa sekondari mwaka 2003. Kabla yake, wanafunzi zaidi ya 30,000 kwa mwaka walikuwa wakipangiwa shule ambayo hawakuiandika kabisa kwenye fomu. Mwaka wa kwanza wa mfumo mpya walibaki kama 3,000. Mwaka 2012 Shapley na Alvin Roth, aliyesaidia kuzipeleka hesabu hizi mashuleni, walipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi. San Francisco nayo iliomba ushauri kwa wataalamu wa aina hiyo ilipopanga mfumo wake.

Kwa hiyo kompyuta ilitengenezwa, na ilitengenezwa vizuri. Lakini kompyuta inagawa viti kwa walioomba tu, kwa wakati, wakijua wanachoomba. Fomu ya mwezi wa nane inajazwa kati ya vuli na mwezi wa kwanza. Kabla ya kujaza, wazazi wenye nafasi huzunguka shule moja baada ya nyingine, asubuhi za siku za kazi, wanaangalia madarasa, wanauliza maswali. Mama wa zamu ya usiku atazunguka saa ngapi? Mwisho wa yote, shule uliyoipata ng'ambo ya mji inahitaji usafiri, na mji ulikuwa umepunguza mabasi yake ya shule. Familia nyingi za mitaa iliyotangulizwa kwenye foleni ziliendelea kuandika shule ya karibu. Na wapo wenye uwezo waliohamia mitaa hiyo kwa sababu zao nyingine, wakajikuta nao wameshika tiketi ya kipaumbele. Mwaka 2018 bodi ya elimu yenyewe ilikubali kwamba utengano haujaondoka, ikaamua kutafuta mfumo mwingine. Mwaka 2020 ikapitisha mpango wa kanda, ambapo mzazi angechagua ndani ya eneo lake tu, lakini utekelezaji ukasogezwa mbele.

Nisiwasahaulishe na wale wanaoingia kwa mlango wa nyuma. Washington, mwezi wa pili 2018, mkuu wa shule za mji, Antwan Wilson, alilazimika kujiuzulu baada ya kujulikana kwamba binti yake alihamishiwa sekondari maarufu bila kupita kwenye bahati nasibu, wakati orodha ya kusubiri ya shule hiyo ilikuwa na watoto zaidi ya 600. Naibu meya wa elimu akaondoka naye. Kusema kweli mimi niliposoma habari hiyo sikushangazwa na wizi wa foleni, hilo tunalijua. Kilichonishangaza ni kwamba foleni ilikuwa na namba, kila mtu anaweza kuihesabu, na ndiyo maana aliyeiruka alionekana. Orodha zinazobandikwa kwenye mbao za ofisi huku kwetu mara nyingi hazisemi nani alikuwa wa ngapi.

Sasa tuje kwenye mahitaji yenyewe, maana watu huongea kana kwamba shule nzuri ni kama mlima, iko palepale. Haiko. Mzazi mmoja akimwambia mwenzake "ile ya pale sasa ni nzuri", mwaka unaofuata maombi yanapanda. Shule ikianzisha masomo ya Kihispania na Kiingereza kwa pamoja, au ya Kichina, wazazi wanaipanga juu. Chama cha wazazi cha shule hiyo kinachangisha fedha, wanaajiri mwalimu wa muziki, sifa inazidi. Upande wa pili kuna shule ambayo kila mtu anaruka jina lake. Haijafanya kosa. Viti vyake vinabaki wazi, na viti vilivyobaki wazi ndivyo wanavyopewa waliochelewa. Nani huchelewa? Aliyeshuka kwenye ndege mwezi wa sita au wa saba, bado anatafuta nyumba, fomu zilishafungwa miezi sita iliyopita. Shule zisizotakwa ndizo mara nyingi zinazopokea wageni, na baadhi ya walimu wake ndio wenye uzoefu mkubwa wa kumpokea mtoto asiyejua Kiingereza. Kwenye jedwali la matokeo hilo halionekani. Kinachoonekana ni alama za mtihani, na mtihani uko kwa Kiingereza.

Kisha watoto wakaanza kupungua. Miaka ya 1960 shule za umma za San Francisco zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 80,000. Leo hawafiki 50,000. Nyumba zimekuwa ghali mno, wenye watoto wanahama, na San Francisco inatajwa kuwa mji mkubwa wa Marekani wenye sehemu ndogo kuliko yote ya watoto. Wengine wako shule za kulipia, ambazo huko zinachukua kati ya robo na theluthi ya watoto. Wakati wa korona shule za umma zilifungwa muda mrefu na familia nyingine hazikurudi. Fedha za shule hufuata idadi ya watoto. Mtoto akiondoka, anaondoka na kipande cha mshahara wa mwalimu.

Kwa hiyo bahati nasibu iliyotengenezwa kwa ajili ya uhaba wa viti ikakutana na viti vingi mno. Uhaba ukabaki kwenye shule chache zilezile, na kwingine kote madarasa yakawa nusu. Mwezi wa kumi 2024, mkuu wa shule za mji, Matt Wayne, alitangaza orodha ya shule 13 ambazo zingeweza kufungwa au kuunganishwa. Mji ukawaka. Wazazi walijaa mikutanoni, watoto wakashika mabango, meya London Breed akataka zoezi lisimame. Kabla mwezi haujaisha Wayne alikuwa amejiuzulu, na aliyempokea, Maria Su, akasitisha mpango.

Katika zile shule 13 lilikuwemo jina la Yick Wo, iliyopewa jina la kesi ya mwaka 1886 ambamo Wachina wenye biashara za kufua nguo waliushinda mji huo mbele ya Mahakama Kuu. Na ilikuwemo Spring Valley, shule ileile iliyomfungia mlango Mamie Tape. Zote mbili zilibaki wazi. Miezi michache baadaye wazazi walitakiwa tena kujaza fomu, na kila mmoja alipaswa kuamua kama ataandika kwenye nafasi ya kwanza jina la shule ambayo alishaliona kwenye orodha ile.